Protini ya Kutosha Bila Nyama ya Kila Siku: Mwongozo kwa Jiko la Uganda

Katika Kiganda, matoke (ndizi za kupika), muhogo, viazi au posho (ugali wa mahindi) ndivyo vinavyoitwa emmere, yaani chakula chenyewe, na kile kinacholiwa navyo huitwa enva. Mtu aliyekula bakuli zima la maharagwe bila matoke atakuambia kwa dhati kwamba bado hajala. Desturi hiyo ya lugha inaonekana pia katika upakuaji: sahani hujazwa emmere hadi pomoni, kisha enva humwagiwa juu ili kulainisha tonge. Ilhali kwa anayekula nyama mara moja kwa wiki, au asiyeila kabisa, karibu protini yote ya maana imo ndani ya hiyo enva. Mwongozo huu basi unapendekeza mpangilio ulio kinyume: kitoweo kipimwe kwanza, na matoke yafuate.

Hatua ya kwanza: fahamu kiasi unachohitaji

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa huchukua gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku kuwa kiwango kinachomtosha karibu kila mtu mzima mwenye afya. Mwenye kilo 60, kwa hiyo, anahitaji gramu 50 hivi. Hata hivyo, kiwango hicho kimewekwa kwa protini inayomeng'enywa vizuri, kama ile ya mayai na maziwa, na protini ya maharagwe au mahindi haimeng'enywi yote. Ndiyo maana nashauri mlaji wa mimea ahesabu gramu 1 kamili kwa kila kilo, hesabu ambayo haihitaji hata kalamu: kilo 60, gramu 60.

Mama mjamzito katika miezi mitatu ya mwisho huhitaji takriban gramu 30 za ziada kila siku, na anayenyonyesha huhitaji karibu gramu 20 za ziada katika miezi sita ya kwanza. Mtoto mdogo, kwa kuwa anakua, huhitaji zaidi kwa kila kilo kuliko mtu mzima. Kwa aliye chini ya miaka mitatu, hesabu gramu 1.25 kwa kilo, wala usitishike na desimali. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hizi, bali kiwango atakachopewa na daktari wake.

Jambo moja halipaswi kusahauliwa. Mwili unapokosa chakula cha kutosha kwa jumla, huichoma protini kuwa kuni, na maharagwe uliyoyapima kwa uangalifu yanaishia kuwa nguvu ya kutembea badala ya kujenga misuli. Matoke na posho vina kazi yao, kwa hiyo hakuna anayeambiwa aviache.

Hatua ya pili: ipime sahani yako

Wakati fulani niliazima mizani ya mwanamke anayeuza mandazi jirani na kwangu nikaipima sahani yangu ya mchana. Matoke yalikuwa gramu 620. Maharagwe, baada ya kuchuja mchuzi, hayakufika gramu 60. Nilikuwa nimekula nikashiba, nikiamini nimekula vizuri, kumbe nilikuwa nimepata protini isiyozidi gramu 12.

Sababu inaonekana wazi ukizijua tarakimu chache. Gramu 100 za matoke yaliyopikwa hutoa protini gramu 1 au zaidi kidogo, na muhogo uliopikwa hauna tofauti kubwa. Viazi vitamu hutoa gramu 1.5 hadi 2. Wali uliopikwa hufika gramu 2.7. Unga mkavu wa mahindi una gramu 7 au 8 kwa kila gramu 100, ukiwa pungufu zaidi unapokobolewa hadi kuwa mweupe kabisa, na ulezi haupitani nao sana.

Jamii ya mikunde iko daraja lingine. Maharagwe makavu yana gramu 22 hivi kwa kila gramu 100, na yakipikwa, kwa kuwa yameshanywa maji, hubaki na gramu 8 hadi 9. Kunde, mbaazi na choroko hukaa karibu na hapo. Karanga zina gramu 25, soya kavu gramu 36, ufuta gramu 17 au 18. Dodo, nakati na mboga nyingine za majani huhitajika sana kwa madini na vitamini, lakini usizitegemee kwa protini, maana dodo haizidi gramu 2 au 3.

Wasio na mizani wanaweza kutumia tumpeko, kile kikombe cha nusu lita kinachopatikana karibu kila nyumba. Kikijazwa maharagwe makavu hukaribia gramu 400.

Hatua ya tatu: gawa protini ya siku kabla ya kuwasha sigiri

Chukua familia ya watu watano: wazazi wawili wenye kilo 60 kila mmoja, na watoto wa kilo 28, 18 na 12. Wazazi wanahitaji gramu 120, watoto wawili wakubwa gramu 46, na mdogo gramu 15. Jumla ni gramu 181 kwa siku.

Sasa tazama vinavyoingia chunguni. Tumpeko moja ya maharagwe makavu, gramu 400, inaleta gramu 88. Kilo moja ya unga wa mahindi, ukigawanywa kati ya uji wa asubuhi na posho, inaleta gramu 70. Karanga gramu 100 zinaleta gramu 25. Jumla ni gramu 183, na hapo hatujahesabu maziwa ya chai, mboga za majani wala kitu kingine chochote. Familia hii imetosheka kwa protini bila kipande cha nyama, ingawa bado itahitaji mafuta kidogo na viazi au matunda ili chakula kitoshe kwa jumla.

Siku ya matoke hesabu hubadilika, na hapa ndipo nyumba nyingi za kusini mwa nchi hukwama. Ukiondoa ile kilo ya unga na kupika kilo 3 za ndizi zilizomenywa, unapata gramu 36 za protini mahali palipokuwa na gramu 70. Pengo hilo la zaidi ya gramu 30 halionekani kwa macho, kwa sababu sahani imejaa vilevile na tumbo limeshiba vilevile. Lizibe kwa kuongeza maharagwe makavu gramu 150, au soya gramu 90. Kanuni fupi ya jikoni ni kwamba siku ya matoke, muhogo au viazi, tumpeko ya maharagwe inakuwa moja na theluthi.

Usawa wa kupakua nao una uzito wake. Anayepakuliwa mwisho mara nyingi hupata mchuzi mtupu, na katika nyumba nyingi huyo ni mama mwenyewe, hata akiwa mjamzito. Pakua maharagwe kwanza katika sahani zote, kwa upawa uliojaa punje, ndipo uongeze matoke.

Hatua ya nne: changanya kwa akili

Protini hujengwa kwa asidi za amino, na baadhi yake mwili hauwezi kujitengenezea. Nafaka zina upungufu wa ile iitwayo laisini, ilhali mikunde ina laisini tele lakini haina methionini nyingi. Vinapoliwa pamoja vinafidiana, na hilo ndilo linaloupa posho kwa maharagwe, chakula kinachodharauliwa kwa kuwa kila mtu alikila shuleni hadi akakichoka, heshima ambayo hakijawahi kupewa. Tatizo la yale ya shuleni lilikuwa uwiano: punje za kuhesabika zikiogelea katika maji.

Kikomando nacho, licha ya kuitwa chakula cha vijana wasio na hela, kimepangika vizuri kilishe. Chapati mbili zilizokatwakatwa na kikombe kamili cha maharagwe vinakaribia gramu 25 za protini, karibu nusu ya mahitaji ya siku ya mtu wa kawaida. Muombe tu muuzaji apunguze mchuzi na kuongeza maharagwe, hata kama utalazimika kulipia zaidi kidogo.

Kuna mchanganyiko mmoja ambao watu huuamini kuliko unavyostahili. Karanga na ufuta vina protini nyingi, lakini navyo, kama nafaka, vina upungufu wa laisini. Ugali wa ulezi na mchuzi wa karanga peke yake, kwa hiyo, ni wenye upungufu mmoja wakikutana bila wa kuwafidia. Wapishi wa Acholi na Lango walilitatua jambo hili zamani pasipo maabara: wanapika mbaazi au kunde zilizopasuliwa, kisha wanatia odii, ule uji mzito wa ufuta na karanga. Kunde huleta laisini, ufuta huleta methionini, na ulezi unapofuatana navyo chakula kinakuwa kimekamilika. Malakwang, majani yale machachu yanayopikwa kwa odii, ni matamu mno, lakini siku hiyo ongeza maharagwe au mbaazi kando.

Si lazima kila mlo uwe na pande zote mbili. Ukila uji wa ulezi asubuhi na maharagwe jioni, mwili utaviunganisha, mradi siku isipite bila mikunde.

Wanaoishi kwa muhogo kila siku wanastahili kuambiwa jambo zaidi. Muhogo mchungu una viini vinavyozalisha sianidi, na hata baada ya kuloweka, kuchachusha na kuanika vizuri, kiasi kidogo kinaweza kubaki. Mwili huiondoa sumu hiyo kwa kutumia asidi za amino zenye salfa, zikiwemo methionini. Anayekula muhogo mwingi na protini kidogo, basi, anapoteza pande zote mbili. Kwake ufuta na mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, vinafaa kuwa vya kawaida, na uandaaji wa muhogo usifanywe kwa haraka.

Hatua ya tano: pika maharagwe kwa njia itakayokufanya uyapike tena

Wengi hawaepuki maharagwe kwa sababu ya bei yake, bali kwa sababu ya mkaa na gesi tumboni. Yote mawili yana dawa.

Chambua, osha, kisha loweka usiku kucha katika maji mara tatu ya ujazo wa maharagwe. Asubuhi yamwage maji hayo, kwa kuwa ndani yake mna sehemu ya sukari zile zinazoleta gesi, pamoja na sehemu ya fitati, kiini kinachozuia mwili kufyonza chuma na zinki. Weka maji mapya na uyachemshe kwa nguvu kwa dakika kumi au zaidi kabla ya kupunguza moto. Usiliruke sharti hili, hasa kwa maharagwe mekundu, kwani yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali tu. Yakiachwa juu ya mkaa unaofifia bila kuchemka sawasawa, yanaweza kumtapisha mtu vibaya. Nyanya, limau na ukwaju visubiri hadi punje zilainike, maana uchachu huzikaza.

Maji ya majivu, au magadi, hulainisha maharagwe haraka, lakini huharibu sehemu ya vitamini B1. Sikatazi kuyatumia pale kuni zinapokosekana. Tumia kidogo, na si kila siku. Afadhali zaidi ni kuchemsha maharagwe ya siku mbili kwa pamoja, nusu ukaikaanga leo, nusu ukaipasha moto kesho baada ya kuihifadhi mahali pa baridi.

Mwenye tumbo linalolalamika aanze na kiasi kidogo na kukiongeza wiki hadi wiki. Firinda ya Tooro ni msaada mkubwa hapa: maharagwe hulowekwa, hutolewa maganda, kisha hupikwa hadi yapondeke. Kazi ya kuyamenya ni ya kuchosha, sitaficha, lakini ukiwakalisha watoto kuzunguka beseni hufanyika haraka kuliko unavyodhani.

Soya haipikwi kama maharagwe. Ikiwa mbichi ina kiini kinachouzuia utumbo kumeng'enya protini, kwa hiyo chemsha punje kwa nusu saa, zianike, zikaange hadi zianze kunukia, ndipo upeleke kusagisha. Ukichanganya vikombe vitatu vya unga wa ulezi au mahindi na kimoja cha soya iliyoandaliwa hivyo, uji utakuwa na protini karibu maradufu. Kwa anayetafuta protini nyingi kwa fedha kidogo, sioni kinachoushinda uji huu.

Hatua ya sita: chagua karanga kwa macho yako

Karanga zilizopata unyevu huota kuvu anayezalisha aflatoksini, sumu inayohusishwa na saratani ya ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Hivyo kuchagua ndiyo kinga. Nunua karanga nzima, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au ladha chungu, na usimpe kuku wala mtoto hizo ulizozitupa. Unga wa karanga uliosagwa tayari sokoni unarahisisha maisha, lakini huwezi kuona kilichoingia ndani yake, na wakati mwingine umeongezwa unga wa muhogo. Twanga mwenyewe, au simama kinuni uone zako zikisagwa. Anayevuna mwenyewe aanike juu ya turubai, si juu ya udongo.

Kuhusu mchuzi, kumbuka kwamba karanga gramu 30 kwa mtu mmoja hutoa gramu 7 hadi 8 za protini. Mchuzi wa binyebwa, yaani karanga, ulioongezwa maji ili uwafikie wageni unabaki na rangi tu.

Hatua ya saba: mtoto asiachwe na uji mtupu

Katika hospitali ya Mulago kuna kitengo cha lishe kiitwacho Mwanamugimu, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, na jina lake limetokana na methali ya Kiganda isemayo omwana omugimu ava ku ngozi, kwamba mtoto mwenye siha huanzia kwenye mbeleko. Mafunzo yanayohusishwa nacho ni yale ya kitobero: chakula cha kulikiza kinachochanganya matoke au viazi, mikunde au karanga zilizopondwa, na chakula cha mnyama kama kipo, vikafungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke juu ya chungu kilekile cha familia.

Kwa mlo mmoja wa mtoto wa mwaka mmoja, weka vidole viwili vya matoke vilivyomenywa, konzi ya maharagwe yaliyolowekwa na kutolewa maganda au kijiko kikubwa cha karanga zilizotwangwa, kijiko cha unga wa mukene au yai, na majani machache ya dodo yaliyokatwa. Funga, pika pamoja na matoke ya wakubwa hadi viive kabisa, kisha ponda. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo alishwe mara kadhaa kwa siku, na kunyonya kuendelee hadi atimize miaka miwili au zaidi.

Mtoto akivimba miguu, nywele zikabadilika rangi, akawa mnyonge na kukataa chakula, usijaribu kumtibu kwa maharagwe nyumbani. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Hatua ya nane: vitu ambavyo mimea haitakupa

Vitamini B12 haipatikani katika mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Anayekunywa maziwa kila siku, au anayekula mayai na mukene mara kadhaa kwa wiki, kwa kawaida hana shida. Kikombe cha maziwa kina pia gramu 8 za protini, na yai moja gramu 6. Mukene mkavu ndiyo bingwa, kwani zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kijiko kimoja cha unga wake huinua chungu kizima cha kunde. Chagua mukene usio na mchanga. Nsenene nao, wale panzi wanaoliwa, msimu wao ukifika, wana protini nyingi, ingawa sijaona aliyeweza kuwapangia ratiba. Asiyegusa chochote cha mnyama anahitaji vidonge vya B12, bila mjadala.

Chuma cha maharagwe hufyonzwa vizuri zaidi penye chungwa, papai, pera au nyanya, na hufyonzwa vibaya penye chai. Chai isubiri saa moja baada ya chakula. Ukipata mbegu au maharagwe ya aina za NAROBEAN, zilizotolewa na shirika la taifa la utafiti wa kilimo, NARO, zichukue, kwa kuwa baadhi yake zilizalishwa makusudi ziwe na chuma na zinki zaidi.

Hatua ya tisa: nunua kwa msimu, hifadhi bila hewa

Maharagwe hushuka bei baada ya mavuno, kwa kawaida kuanzia Juni na tena mwishoni mwa mwaka. Familia ya mfano wetu hutumia takriban kilo 12 hadi 15 kwa mwezi, kiasi ambacho jerikeni moja ya lita 20 inakitosha. Yaanike tena hadi punje ivunjike ikiumwa badala ya kubonyea, jaza jerikeni hadi shingoni, tikisa ili nafasi ziishe, kisha kaza kifuniko. Fukusi waliomo watakosa hewa na kufa, mradi usifungue kila siku. Kwa hiyo toa ya wiki nzima kwa mara moja na uyaweke katika chombo kidogo jikoni. Usiyahifadhi zaidi ya msimu mmoja, kwani maharagwe yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hugoma kuiva hata ukimaliza gunia la mkaa, na yakishagoma, njia iliyobaki ni kuyakaanga, kuyasagisha na kupikia mchuzi mzito kwa unga wake.